Mtani Hakuchukua Kuku

Baba yangu alikuwa fundi wa kuunga waya. Sisemi waya wa umeme wala wa simu, bali ile kamba nene ya chuma, iliyosokotwa kwa nyuzi nyingi, ambayo bandarini huinua mizigo kutoka tumboni mwa meli. Waya wa namna hiyo ukikatika haufungwi fundo kama kamba ya katani. Ncha zake mbili hufumuliwa, kila uzi ukatafutiwa nafasi yake kati ya nyuzi za upande wa pili, ukapenyezwa kwa msumari mnene, ukavutwa na kugongwa, mpaka mtu apitishe kiganja juu yake asitambue palipoungwa. Kazi hiyo alijifunza ujanani huko kwetu Usambara, ambako magogo ya msituni yaliteremshwa kutoka mlimani hadi relini yakining'inia kwenye waya. Alipohamia Dar es Salaam na kutujengea nyumba ya udongo huko Mtoni, kando ya barabara ya Kilwa, bandari ilimpokea kwa sababu ya mkono wake wa kulia. Mkono wa kushoto, alizoea kusema, hushika tu. Wa kulia ndio unaofikiri.

Naeleza haya mapema ili ijulikane tangu mwanzo ni kitu gani tulichokuwa nacho cha kupoteza.

Nilikuwa darasa la tano ilipokuja habari ya kazi ya kaskazini. Kampuni moja ya kigeni ilikuwa ikijenga gari la waya mpakani mwa Tanganyika na Kenya. Kulikuwa na hoteli mbili za mapumziko zilizotazamana juu ya milima miwili, moja upande wetu na nyingine upande wa pili, ambako Wazungu wa mashambani na wa maofisini walikwenda kulikimbia joto. Katikati palikuwa na bonde refu lenye msitu, na chini kabisa ya bonde kituo cha askari wa mpakani. Mgeni wa hoteli ya kwanza aliyetamani kunywa chai katika hoteli ya pili ilimbidi azunguke kwa motokaa kutwa nzima. Sasa angepita angani, ameketi katika kijumba cha vioo kinachovutwa na waya, na chai isingepata nafasi ya kupoa.

Baba alitueleza kwa uzi wa kushonea wa mama, akaufunga kati ya vigoda viwili na kuning'iniza juu yake kiberiti kitupu. Alikivuta kiberiti huku na huko kwa kidole kimoja, uso wake uking'aa kama wa mtoto.

"Na huyo askari wa chini?" mama akauliza. "Vyeti vyao atavionea wapi?"

"Angani hakuna askari, mke wangu."

"Na nyie mnaoutundika huo waya?"

"Sie tutapita chini," baba akasema, akicheka, "na vyeti vyetu mkononi."

Siku hizo Kenya ilikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa na serikali, na Mwafrika hakuvuka mpaka ule bila karatasi yenye muhuri. Baba na wenzake walipewa karatasi zao na kampuni. Akaondoka pamoja na mtani wake, Mzigua mmoja aliyefanya naye kazi bandarini kwa miaka mingi, mtu mrefu mwenye sauti ya kujaza uwanja.

Kwa asiyelelewa katika desturi hiyo, lazima niseme neno juu ya utani. Sisi Wasambaa na Wazigua ni watani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukuita mtumwa wake, kumwita mkeo mke wake, kuingia nyumbani mwako na kuondoka na chochote kilichompendeza, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Wajibu wako ni kumrudishia tusi lililo bora kuliko lake. Lakini mapatano hayo yana nusu ya pili. Msiba ukiingia, mtani ndiye hutangulia mlangoni. Ndiye hubeba habari ambayo ndugu hawezi kuitamka, ndiye hushika jembe la kaburi. Nimesoma baadaye, chuoni, maandishi ya wataalamu wanaoueleza utani kuwa dawa ya ugomvi, na sina shaka wana hoja. Ila waliandika juu ya vijiji, ambako nusu zote mbili ziliishi nyumba moja. Sisi wa mjini tulikuwa tumebakiwa na nusu moja tu, ile ya kucheka.

Na nusu hiyo tuliitumia sana. Mwaka mmoja kabla ya safari ya kaskazini, mtani alitujia mbio, mikono kichwani, machozi yakimtiririka, akapiga goti mbele ya mama na kuapa kwa kaburi la mamaye kwamba winchi imemwangukia baba. Mama alitoka bila viatu, kanga moja ikiburuzika mavumbini, akapiga mayowe mpaka njia panda ya Temeke, na hapo akakutana na baba anakuja juu ya baiskeli, anapiga mluzi. Baba alicheka hata akaiangusha baiskeli. Tuliporudi nyumbani tulikuta mtani ameondoka na birika letu la chai. Kwa mwezi mzima wanawake bombani walimpokea mama kwa mayowe ya kuigiza, naye aliyacheka pamoja nao, kama desturi ilivyotaka. Lakini nilimsikia akijiapia jikoni peke yake: Mzigua yule hatanitoa machozi tena.

Baba alikuwa amekaa huko kaskazini miezi minne, basi, mtani aliporudi peke yake.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Tulikuwa uani, mama, mimi na majirani wawili, tunachambua mchele. Mmoja wa majirani hao alikuwa muuza maandazi wa nyumba ya pili, mwanamke mcheshi ambaye hakuna utani uliompita bila kuutilia kuni. Mtani akasimama kwenye mlango wa ua, koti lake limegeuka rangi kwa vumbi.

"Hodi, wenyewe."

"Karibu, mume wangu wa nyikani," mama akajibu bila kuinua macho kwenye ungo. "Mwenzio umemwacha wapi? Au njaa ya Kizigua iliwabana njiani ukamtafuna?"

Nikamwamkia, "Shikamoo, baba mdogo," naye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuniitikia.

"Shemeji, twende ndani. Nina neno."

"Ndani! Jamani, mashahidi mpo. Mzigua ananiita ndani na mwenye nyumba hayupo."

"Nenda, mama," muuza maandazi akasema, "ukaone kama nyikani kunaota kitu."

Waliangua kicheko. Mtani akangoja kipungue. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayekariri maneno aliyopewa, kwamba baba ameumia. Mkono wa kulia uliingia kwenye kapi, lile gurudumu la kupitishia waya, ukavutwa hadi kiwiko. Alikuwa hospitalini upande wa Kenya, na mkono umeanza kuoza. "Daktari anataka kuukata. Mwenyewe kakataa. Anasema mkono ule si wake peke yake, ni wa nyumba nzima, na mwenye nyumba ni wewe. Kanituma mie. Ukisema ukatwe, utakatwa. Ukisema usikatwe, atazikwa nao."

Mama akauweka ungo chini. Kwa kitambo kifupi, kifupi mno, niliona damu ikimtoka usoni. Kisha nikaona akikumbuka. Nilimwona waziwazi akikumbuka ile njia panda, na kanga mavumbini, na birika. Akatabasamu.

"Mwaka jana winchi, mwaka huu kapi. Mwakani atamezwa na nini?"

"Naapa, shemeji."

"Mwaka jana uliapa umepiga goti. Leo unaapa umesimama. Magoti yamechoka?"

"Shemeji, kwa Mungu wangu..."

"Mjibu, mama!" muuza maandazi akahimiza, amekaa mkao wa kula. "Mjibu barabara, asikuzoee!"

Mama akasimama, akajishika kiuno, na kusema kwa sauti iliyofika barabarani: "Mwambie wakate! Wakate, waufunge vizuri kwenye jani la mgomba, uniletee mwenyewe. Wiki nzima sijaonja kitoweo."

Sijui nieleze vipi kicheko kile. Muuza maandazi alimwaga mchele wote aliokwisha kuuchambua. Nami nilicheka. Nilicheka kwa fahari, kwa kuwa mama yangu alikuwa ameshinda mbele za watu.

Mtani alikuwa ameduwaa. "Umesema wakate?"

"Nimesema! Au masikio yamejaa vumbi la nyika?"

Machozi yakamshuka. "Ya mwaka jana yalikuwa mengi," mama akamwambia, akaketi na kuvuta ungo wake. Mtani akatutazama mmoja mmoja, akageuka, akavuka kizingiti cha ua akaenda zake.

Mchana ulipofika mama alikwenda nyuma ya jiko kumpa maji kuku tuliyemfunga mguu kwa ajili ya Jumapili. Nikasikia bakuli linaanguka.

"Hakuchukua kuku," akasema.

Sikumwelewa.

"Na birika? Liko wapi birika?"

Birika jipya lilikuwa kizingitini, linang'aa kwa jua, mahali ambapo mtani alilazimika kuinua mguu ili asilikanyage. Nikamwambia kwamba alilivuka. Mama aliniangalia kwa macho ambayo mpaka leo, katika umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye siku ile, siyapendi kuyakumbuka. Mtani anayekuja kutania haondoki mikono mitupu. Kupora ndiko kunakoutia muhuri utani wake. Aliyekuja na kuondoka bila kugusa hata kijiko hakuja kutania.

Tulitoka tulivyokuwa. Mtani alifikia kwa dada yake Buguruni, nasi tulikwenda kwa miguu, nusu tukikimbia, kupitia Temeke na Chang'ombe, jua liko utosini. Mama hakusema neno ila moja, alilolirudia kila tulipopunguza mwendo: "Atakuwa bado yupo." Dada mtu tulimkuta sokoni mbele ya mafungu yake ya ukwaju. Alipotuona tu alisimama, akajipangusa mikono.

"Mmechelewa, wifi. Kaondoka na lori la Korogwe."

"Hajapeleka neno?"

"Kapeleka. Aliiwahi posta kabla hawajafunga, akapiga simu ya maandishi. Mke amekubali, wakate."

"Lakini mie nilikuwa namtania!" mama akasema. "Alijua kuwa namtania!"

"Alijua." Dada yule hakuwa na ukali wowote. "Nami nilimwuliza, kaka, neno la utani hulipelekaje? Akanambia, nikimpelekea kwamba mkewe hakuniamini, atangoja. Na akingoja atakufa. Neno limetoka kinywani mwake mwenyewe, nitalipeleka lilivyo. Alilia hapa kwangu kama mtoto, wifi. Hakula kitu."

Mama akakaa palepale, chini, katikati ya maganda ya miwa, na watu wakampita juu na mizigo yao.

Jumapili hakuna ofisi iliyofunguliwa. Tulikwenda kanisani, na nilipomwangalia wakati wa sala niliona midomo yake haiendi. Baadaye aliniambia kwamba hakujua aombe nini. Akiomba mkono upone, ameomba wachelewe, na kuchelewa ni kifo. Akiomba wakate, ameomba lile lile alilolisema kwa mzaha, na sasa alitake kwa moyo. Alikaa kimya mbele ya Mungu kama mtu aliyekwisha kusema kupita kiasi.

Jumatatu asubuhi tulikuwa wa kwanza posta. Karani alinipa karatasi, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua kuandika. "Andika usikate," mama akasema. Nikaandika. "Futa. Atakufa. Andika kata." Nikafuta, nikaandika. "Futa, futa! Akikatwa atakuwa nani?" Karatasi ikatoboka. Karani akatupa nyingine, kisha nyingine. Foleni nyuma yetu ilikuwa imefika mlangoni. "Mama, amua basi," karani akasema, bila dharau, "hata mimi sijui nikusaidieje." Mwishowe mama alishika kingo za dirisha kwa mikono yote miwili na kusema: "Andika nakuja."

Ndilo neno lililokwenda, na ndilo ambalo hakuweza kulitimiza. Ili aende ilimpasa apate cheti cha kuvuka mpaka. Kwa zaidi ya wiki mbili tulikaa kwenye mabenchi ya ofisi, mimi nimeacha shule ili nimsomee karatasi. Dirisha moja lilitupeleka kwa jingine, na la pili likaturudisha kwa jumbe wa mtaa wetu, na jumbe alikuwa safarini. Kulikuwa na karani mmoja mwenye miwani, mtu wa adabu, aliyetueleza kwamba mwanamke aliyeolewa havuki mpaka bila barua ya idhini ya mumewe.

"Mume yuko huko huko ninakokwenda," mama akamwambia. "Yuko hospitalini."

"Hapana neno. Aandike huko huko, atie saini kwa mkono wake."

"Kwa mkono upi, baba?"

Karani alidhani anafanyiwa kiburi. Akafunga dirisha.

Juu ya benchi la ofisi hiyo mtu alikuwa ameacha gazeti la Kiingereza. Nililifunua nipoteze wakati, nikakuta picha. Bonde lenye msitu, mstari mweusi uliolivuka kutoka kilele hadi kilele, na juu ya mstari huo kijumba cha vioo chenye watu watatu wanaopunga mikono. Nilijikongoja na maneno yaliyoandikwa chini yake: jaribio la kwanza limefanikiwa, sasa mgeni ataweza kutoka nchi hii kwenda ile bila kuinuka kwenye kiti. Mama aliniomba nimwonyeshe kwa kidole ni wapi hasa palipo mpaka. Nikamwambia picha haionyeshi. Alikaa na lile gazeti mapajani mpaka ofisi ilipofungwa, akiupapasa ule mstari mweusi kwa kidole gumba, kama kwamba angeweza kuhisi mahali palipoungwa.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi kuliko ofisini, kwa sababu nyumbani hapakuwa na foleni ya kutuliza mtu. Alasiri moja nilirudi kutoka bombani nikamkuta amejifunga mkono wa kulia kiunoni kwa kanga, umekazwa hata vidole vimekuwa vyeusi, anajaribu kumenya muhogo kwa mkono wa kushoto. Muhogo ulimponyoka, ukaviringika. Aliukanyaga kwa mguu ili utulie, akamenya hivyo, akajikata. Kisha akajaribu kuvaa. Kisha akaniita nikae nichanwe nywele, na kitana kikanipita sikioni. "Inawezekana," alisema, akihema. "Polepole inawezekana." Nami nililia, naye hakunibembeleza, alikuwa akijaribu kukaza kifundo kwa meno.

Hakuna jibu lililokuja. Aliyekuja ni baba mwenyewe, mchana mmoja, kwa miguu kutoka kituo cha basi, mtani nyuma yake amebeba sanduku. Alikuwa amekonda, amenyolewa, na mkono wa kulia wa koti ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini juu ya kiwiko. Majirani walikusanyika uani na pole zao. Mama alikuwa amezipanga sentensi zake siku nyingi. Nilizijua, alizifanyia mazoezi mbele yangu. Angemwambia: nilitania, sikuamini, nisamehe. Alipiga magoti, akafungua kinywa, na baba akamtangulia.

"Nyanyuka, mke wangu. Acha nikushukuru mbele za watu." Akaketi, akakohoa. "Nililala macho siku sita. Sikuogopa maumivu. Nilikuwa najiuliza, mwanamke gani atakubali arudishiwe nusu ya fundi? Nikasema afadhali nizikwe mzima. Ndipo nikamtuma huyu Mzigua, na moyoni nilikuwa nimekwisha kujua utakuwa unapiga hesabu, utakuwa unauliza ndugu. Ikaja simu: kasema wakate. Hukuuliza mtu. Hukusita hata siku moja. Nikajua nina pa kurudi. Nikalala usingizi, na asubuhi yake wakakata."

Mama alimwangalia mtani. Mtani alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha baba, sanduku bado begani, na aliponaswa na macho yale alitikisa kichwa, kidogo sana, mara moja. Mama akafunga kinywa. Muuza maandazi aliinamisha uso, na wale wengine nao wakainamisha, kila mmoja akitazama mguu wake. Uwanja mzima ulijua. Baba peke yake ndiye hakujua.

Tangu siku hiyo ile habari ikawa kazi yake. Bandari haikuwa na haja naye. Alijaribu kuunga kamba za kawaida nyumbani, ameibana ncha moja kwa magoti na nyingine kwa meno, na mara tatu alirusha ule msumari ukutani ukatoboa udongo. Kitu alichoweza bado kukikamilisha mwanzo hadi mwisho ni kueleza jinsi mkewe alivyosema wakate. Aliwaeleza wageni, wahubiri, wauza samaki waliopita na matenga yao. Alifikia pale pa "hakuuliza mtu" na kutulia kidogo, kama zamani alivyopitisha kiganja juu ya waya uliokwisha kuungwa. Na kila alipokaribia hapo, mama aliinuka na kwenda jikoni.

Nilikuwapo mama alipomshika mtani siku moja nyuma ya jiko. "Mpaka lini?" akamwuliza.

"Mpaka mmoja wenu afe, mke wangu," mtani akasema. "Hapo nami nitapata kazi, nikuchimbie shimo la Kisambaa, lenye ngazi kama milima yenu." Hakucheka, wala mama hakucheka, lakini waliagana kwa upole.

Nilimwuliza mama kwa nini asimwambie tu baba ukweli. Tulikuwa tunakwenda bombani, ndoo kichwani. Akaishika ndoo kwa mkono mmoja, akanijibu. "Kile alichorudi nacho ndicho hicho. Nikimwondolea, nitakuwa nimemkata mara ya pili, na safari hii nikiwa najua ninachosema."

Kiangazi kilichofuata bomba lilitoa maji saa chache kwa siku, na foleni ilifika karibu na mlango wetu. Baba aliketi barazani, kama kawaida yake. Mama na muuza maandazi waligombana juu ya ndoo iliyosogezwa. Ugomvi mdogo, wa jua na uchovu, ambao wiki nyingine wangeumaliza kwa kucheka. Mama akamwambia ana tamaa. Na yule mwanamke, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa ameulinda ulimi wake kuliko sisi sote, akapaza sauti:

"Tamaa nani? Kitoweo cha mkono wa mumeo ulishakipata, sasa wataka na maji ya kushushia?"

Muuza maandazi alijiziba mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka. Maji yalifurika kwenye ndoo ya mbele na hakuna aliyeiondoa.

Baba hakumwita mama. Aliniita mimi.

"Kitoweo gani?"

"Sijui, baba."

"Siku mtani alipoleta habari yangu, ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

"Mama yako alisema nini?"

"Alisema wakate."

Mkono wa kushoto wa baba ulikuwa juu ya goti, umetulia. "Alisemaje?"

Nimefundisha watoto wa watu kwa miaka mingi, nimewataka waseme kweli, na kila mara nilipowataka hivyo nilijisikia niko tena barazani pale. Baada ya ile "sijui", kila nilichomjibu baba kilikuwa kweli. "Alisema kwa sauti," nikamwambia.

"Kwa sauti," akarudia. Akaitikia kwa kichwa, akaniruhusu niende nikachote maji.

Hakumwuliza mama kitu, siku ile wala siku nyingine. Alikula alichopakuliwa, akamjulia hali, akamshukuru kwa chai. Lakini siku zikapita, wakaja muuza samaki na mhubiri, na baba aliwaeleza habari za bei ya bati na za mtaro unaofurika, si za mkono wake. Sikuyatilia maanani hayo hadi Jumapili alipotutembelea mgeni kutoka kwetu milimani, mzee asiyejua lolote, akauliza kwa huruma mkono ulipotelea wapi.

Mama alikuwa ameshainuka, kama desturi yake, sinia mkononi, amefika mlangoni.

"Waya," baba akasema.

Mgeni akangoja. Nami nikangoja. Mama hakutoka. Alisimama pale amelishika sinia, mgongo umetugeukia, shingo imekaza, akingoja lile neno alilolikimbia mwaka mzima. Baba akajisogeza kitini, akamwuliza mgeni mvua za huko kwetu zimekuwaje.